Mayai ya Bwana Mganga

Jumatatu, 3 Septemba 1979
Kipandauso tena! Adelfina karudi kutoka shule saa nne, kashika kichwa upande wa kushoto, katapika mlangoni. Mtihani wa darasa la saba ni Jumatano ya wiki ijayo. Msichana wa kwanza hapa kijijini Bukiriro kwenda sekondari! Nimeshawatangazia kisimani wote. Baba yake nimemwandikia huko Uganda aliko na jeshi.

Zahanati. Bwana Kazimili, mganga wetu, kamwangalia ulimi na pembe za midomo zilizochanika. Kasema kichwa cha namna hii huenda kinazidishwa na upungufu wa vitamini. Upungufu! Nyumbani kwangu! Nikaulizia vidonge. Kasema vilikwenda na vita, havijarudi. Halafu akatazama dirishani, akasema polepole: mayai, mama. Maini. Mchicha.

Nikamwambia nimeelewa. Nimeishia darasa la nne, lakini ofisi nazijua. Mkubwa akitaja mayai, ana maana yake.

Jumanne, 4 Septemba
Mayai sita. Yote ya kuku wangu. Adelfina aliomba moja. Nikamwambia hizo ndizo vitamini zako, mwanangu, usiziguse! Bwana Kazimili kashangaa kidogo (wanajua kushangaa hao), kauliza kama mtoto amekula. Nikacheka, Adelfina kando yangu: kwetu mayai yanatuchosha, Bwana Mganga! Akapokea. Tumeelewana.

Ijumaa, 7 Septemba
Foleni buchani tangu alfajiri. Nusu kilo ya maini, moja kwa moja zahanati. Jirani yangu Marsiana kaniona nikipita. Kasema: Mama Adelfina, maini hayo mbona yanapita kwako kama mgeni asiyekujua? Wivu tu. Binti yake Anjelika anafanya mtihani huohuo, na analishwa mchicha kila siku kama mbuzi.

Jumatatu, 10 Septemba
Vidonge bado. Adelfina kalala, kanga machoni, hataki mwanga. Ugali wa muhogo na chumvi kala matonge mawili. Mimi nimechuma mchicha wote wa bustani, mafungu manne, nikapeleka. Bwana Kazimili kanenepa mashavu. Kauliza mtoto anaendeleaje. Nikamwambia ataendelea vizuri ukipenda wewe. Akakohoa.

Jumatano, 12 Septemba
Siku yenyewe. Hesabu kaanza vizuri, wa kwanza kufungua ukurasa wa pili! Halafu namba zikaanza kurukaruka, nusu ya karatasi haioni. Katapikia meza. Wamemleta wakimshika huku na huku. Anjelika wa Marsiana katoka anaimba.

Bwana Kazimili kaja mwenyewe. Kafunua chungu changu, bila haya! Kauliza mayai yako wapi. Nikamwambia si unayo wewe! Kafunika chungu. Kisha kasema: mama, nilisema ale mtoto. Mbele ya Marsiana, aliyekuja kuchungulia! Bila shaka. Mbele ya shahidi angesema nini?

Adelfina kageukia ukutani. Kasema alijua tangu siku ya kwanza, alisikia vizuri. Nikamwuliza mbona hukusema? Kasema: ulishamwambia kwetu mayai yanatuchosha, mama. Ningekuaibisha.

Mtoto ana adabu. Hilo kalipata kwangu. Lakini darasa la saba, atajua nini habari za ofisi? Nililia kidogo jikoni. Moshi.

Alhamisi, 13 Septemba
Sikukaa kitako. Nimekwenda kwa Mwalimu Mkuu, nikapiga goti, shikamoo mbili. Nikamwambia akili ya Adelfina hakuna wilaya nzima. Kasema atamwandikia afisa elimu Ngara mtoto arudie mwaka, ila kwanza apone. Akaongeza, huku akipanga chaki: kuanzia kesho, chupa moja ya maziwa kila asubuhi, mama, kwa mtoto.

Sikuuliza mtoto yupi. Yeye anao watano.

Ng'ombe wetu katoa chupa moja kasoro kidogo. Nimeifunga vizuri kwa jani la mgomba. Adelfina ataipeleka mwenyewe kwa Mwalimu Mkuu, akiweza kusimama.