Vita vya Asilimia Nne

"Ni wewe uliyeijaza kompyuta," alisema Mama Mshonaji, Simba wa Cherehani Mbili, naye mumewe, Mshika Rimoti asiyepokonyeka, akajibu kwamba kompyuta si gunia. Sogeeni basi, enyi wasikilizaji wa karibu na wa mbali, punguzeni redio, wekeni chini miiko, kwa maana mmekuta vita vimekwisha kupamba moto, nami sirudishi saa nyuma kwa ajili ya waliochelewa.

Chanzo cha vita kilikuwa hiki. Masomo kumi na mawili ya ushonaji, aliyoyarekodi Mama kwa miezi mitatu ya jasho, yalikuwa yamelala ndani ya kompyuta kuukuu ya chumba cha kushonea, nayo yalipaswa kuhamia kwenye kompyuta ndogo ya mdogo wake. Basi la mdogo mtu huyo lilikuwa linaondoka saa sita kamili, kumpeleka kwenye kazi mpya ya kufundisha wasichana kushona, mahali pasipo na mtandao hata wa kutuma salamu. Bila masomo yale angesimama mbele ya wanafunzi ishirini mikono mitupu, naye hajawahi kushona kola ikakaa sawa. Flashi ya nyumba ilifuliwa juzi ndani ya suruali, Mungu airehemu. Saa ilikuwa nne na nusu. Mafaili yalipita hewani kama mtu anayetafuta kiatu gizani, na kioo cha kompyuta kikasema: asilimia nne, zimebaki saa tisa.

Mume akashauri ruta ya mtandao izimwe na kuwashwa. Ikazimwa, ikawashwa, na asilimia nne zikawa sifuri. Akashauri dirisha lifunguliwe. Mdogo mtu, aliyekwisha kuvaa viatu vya safari, akasema kwa upole kwamba anaweza kufundisha vifungo tu muhula mzima. Hapo Mama akainuka kitini mithili ya jemadari aliyechokozwa na nzi, akaiendea ruta katika chumba cha kulala, akaipandisha juu ya kabati, akaishusha, kisha akainyanyua juu ya kichwa chake na kusimama hivyo dakika sita, na baada ya mateso hayo yote kioo kikatangaza kwamba zimebaki saa nane.

Ndipo alipompigia fundi wa mtandao. Fundi akaisikiliza hotuba nzima pamoja na mashtaka yote dhidi ya mume, kisha akauliza kwa sauti ya mtu anayetafuna:

"Mama, mashine zenyewe ziko wapi?"

"Meza moja. Zinatazamana."

"Sasa kwa nini mafaili yazunguke hewani hadi kwenye ruta chumbani ndipo yarudi hapo hapo mezani? Ziunge kwa waya. Ule wa mita ishirini niliowaachia uko wapi?"

Simu ilikuwa kwenye spika. Mama akageuza macho dirishani. Huko uani, kutoka msumari wa jikoni hadi nguzo ya bafu, ulining'inia waya wa bluu, imara, umebeba mashuka mawili na ile suruali iliyoiua flashi. Ni yeye mwenyewe aliyeutoa stoo miezi minane iliyopita, akijisifu kwamba yeye hatupi kamba nzuri. Na ni yeye aliyezifunga ncha zake kwa nailoni zisije zikachana nguo.

"Uko kazini," akamjibu fundi, na kukata simu.

Mume akafungua mlango wa uani. Historia inamsifu kwa hilo.

"Lakini dada, nguo bado mbichi," alisema mdogo mtu.

"Zikae mbichi. Kosa ni langu, na basi si langu."

Akatoka mbiombio. Mashuka yakatua mabegani mwa mume, suruali ikamfuata, mafundo yakafumuliwa kwa meno, nailoni zikaruka. Ncha moja ikaingia kompyuta kuukuu, ncha ya pili ikaingia kompyuta ndogo, na kioo, kwa unyenyekevu wa mfalme aliyetekwa, kikasema: zimebaki dakika kumi na moja.

Na iandikwe basi, wajukuu wapate kusoma, kwamba saa tano kasoro dakika tano, mwanamke mmoja alifyeka saa nane nzima kwa kuanua nguo.