Unga Safi, Haujachanganywa

Jumanne, 6 Mei
Mama kanuna. Mwezi wa pili tangu atoke Marangu, na chakula anadonoa tu. Leo kasema Sydney imemshinda, nimkatie tiketi arudi. Eti mapera ya huku hayanuki, ni kama kula picha. Nikakumbuka uji wake wa asubuhi, na unga wa mapera aliyoyakausha kwenye kichanja juu ya jiko. Hata sare yangu ya shule ilinukia. Machozi yalinilengalenga. Nimenunua katoni nzima ya mapera sokoni Fairfield. Mama haondoki!

Jumatano, 7 Mei
Haraka haraka haina baraka, lakini nani ana muda? Oveni, moto wa mwisho. Nikasinzia. Nimepata mkaa. Mke wangu Rozina, nesi, kasema vitamini C haivumilii moto mkali, na harufu ndiyo ya kwanza kukimbia. Kasema nikate vipande vyembamba, nivichovye kwenye maji ya ndimu, moto uwe mdogo. Nimemwambia nimekulia migombani, sifundishwi mapera.

Alhamisi, 8 Mei
Jua! Nimeanika juu ya gari. Symphorien, jirani yetu Mrundi, mzee wa kanisa, kachungulia juu ya uzio. Kasema jua linakula rangi na vitamini, kwao Ruyigi walianika kivulini. Kivulini! Mtu ambaye hata mchicha umemkatalia! Jioni kasuku weupe walikuwa wamekula nusu. Nusu nyingine imepauka, hainuki kitu. Symphorien hakucheka, ila alikohoa sana.

Ijumaa, 9 Mei
Nimefanya alivyosema Rozina. (Nitasema ni wazo langu.) Moto mdogo kabisa, mlango wa oveni wazi kidogo, feni mbele. Vipande vilipokauka hadi kuvunjika, nikasaga. Unga wa rangi ya waridi! Nikanusa, nikawa na miaka saba, Mama anakoroga uji, Baba yu hai, anawafokea mbuzi nje. Jamani, nililia.

Unga hautaki mwanga. Nimeutia kwenye kopo, nikauficha kwenye kabati la soksi, uwe zawadi ya Mama Jumapili, Siku ya Akina Mama.

Halafu wazo! Mapera mengine nitafanyia biashara. Nimeandika kwenye grupu letu la WhatsApp: "Unga umeingia! Safi, haujachanganywa. Kijiko kimoja tu, utasahau uko ugenini. Naleta mpaka stesheni ya Lidcombe. Njoo kimyakimya, ni kidogo."

Jumamosi, 10 Mei
Nimeondolewa kwenye grupu. Wivu!

Kurudi kutoka kazini, namkuta Symphorien sebuleni na akina mama wawili wa kanisa, wamepiga magoti. Kasema wanamwombea kijana wa Mama aliyeingia kwenye unga. Nikashukuru, nikawakaribisha waonje. Mmoja wao akapiga yowe.

Ndipo nikaelewa. Unga ule! Wa kuvuta! Nikakimbilia kabatini. Soksi zipo, kopo hakuna. Mama alikuwa chooni, kopo tupu mkononi, unga keshaumwaga na maji keshayavuta. Kasema polisi wakija hawatakuta kitu, mwanawe hafungwi ugenini.

Kisha akanusa. Kopo, mikono yake, choo kizima, mapera matupu. Akaketi sakafuni, akaniuliza polepole kama ule ulikuwa unga wa jikoni kwetu. Nikasema ndiyo, Mama, ulikuwa wako. Akapitisha kidole ndani ya kopo, akalamba. Tukalia. Symphorien naye akalia, ingawa hakuna aliyemwalika.

Jumapili, 11 Mei
Mama kasema tiketi isubiri. Haondoki kabla hajaunywa uji wa unga mwingine, na safari hii atasimamia yeye. Mchana kala wali sahani mbili! Nilitoka nje kidogo nisionekane nikifuta macho.

Symphorien kaniombea, nimerudishwa kwenye grupu. Nimejifunza. Neno "unga" lina mitego, sitalitumia tena kamwe. Sasa nakausha ndizi, na tangazo nimeliandika kwa uangalifu mkubwa: "Mzigo mpya! Mweupe, umesagwa laini. Ukionja mara moja, huachi."

Simu inalia. Symphorien! Bila shaka anataka awe wa kwanza.