Veni Yangu na Mbuzi wa Jonah

Jumatatu, 4 Agosti

Na ijulikane kwa jamaa, majirani na kuku wote wa Mukuyuni: kuanzia leo mimi ni fundi. Sababu ni taa ndogo ya njano. Imewaka kwenye dashibodi ya veni yangu na imekataa kuzima. Petroli inakwisha kabla sijafika popote. Video kwenye simu inasema ni sensa ya oksijeni, kidude kilichochomekwa kwenye paipu ya moshi. Kazi ya nusu saa, anasema jamaa wa video. Ana mikono safi sana.

Haraka ipo. Jumamosi tunapeleka ntheo ya Jonah, mtoto wa kaka yangu: mbuzi watatu wa posa, kwa wakwe zake Ikutha. Katika ukoo wetu, mwenye kubeba mbuzi ndiye huingia kwenye boma kwanza, wazee nyuma. Mzee Kilonzo, msemaji wetu, amesema ni mimi, gari likipona. Lisipopona ni binamu yangu Mbuvi, na pikapu yake. Mbuvi ameanza kuiosha.

Jumanne, 5 Agosti

Yakub wa spea, Kitui mjini, ameniuzia sensa iliyotumika. Ameapa ilitoka kwa gari la mwalimu asiyependa safari. Nimemwamini. Ugomvi mwingi duniani huletwa na kutoaminiana.

Sensa ya zamani imeshika kutu. Spana haipiti, waya unazuia. Nimekata waya. Sasa hakuna kurudi! Nimeimwagia mafuta ya kupikia. Mke wangu, Mama Kyule, akauliza kama nitaongeza kitunguu.

Jumatano, 6 Agosti

Video: paipu ikipata moto, sensa hulegea. Nimewasha injini. Nikangoja. Nikashika paipu. Kweli ina moto.

Mkono umefungwa kwa leso. Mbuvi amekuja kutazama, na kiti chake mwenyewe. Akauliza kama huko chini kuna hewa ya kutosha, au aniletee. Nikamwambia hewa ndiyo kazi yangu. Akacheka kuliko ilivyostahili.

Alhamisi, 7 Agosti

Imetoka! Spana ilihitaji mkono mrefu, nikaivisha mguu wa kitanda, ule wa chuma. Kitanda sasa kimekaa juu ya tofali. Mama Kyule hajaambiwa.

Sensa ya Yakub imeingia. Waya nimesokota, nikafunga na selotepu. Betri nikatoa, nikarudisha. Taa imezima! Nikapiga honi mpaka Mbuvi akaanika kitambaa chake cha kuoshea.

Ijumaa, 8 Agosti

Tofali limeteleza. Mama Kyule ameambiwa.

Jumamosi, 9 Agosti

Gari liliwaka mara moja. Nikawa wa kwanza kufika kwa Mzee Kilonzo, nyasi zimetandazwa nyuma, kamba mkononi. Nikauliza mbuzi wako wapi. Mzee akauliza mbuzi gani. Jonah alishanunua huko huko, soko la Ikutha. Eti kumpelekea mtu wa Ikutha mbuzi ni kumpelekea mtu wa Malili vumbi, na kwao limejaa. Mbona sikuambiwa? Akasema walikuja kuniambia, wakaona miguu tu.

Nikapewa kreti za soda. Mbuvi akabeba wazee.

Njiani taa ikawaka tena. Sasa nimeelewa: sensa haikuwa na kosa lolote, ni dashibodi. Jumatatu naifungua mwenyewe. Video ipo, na hiyo ni ya dakika ishirini tu.

Tulipofika, mbuzi walikuwa ndani tayari. Walikuja kwa miguu.