Bajeti ni Mfuko, Si Karatasi ya Kubandika Jikoni

Kwa shemeji yangu mheshimiwa, dada mkubwa wa mke wangu,

Salamu zitangulie, lawama zifuate. Nakuandikia wewe kwa kuwa mdogo wako hamsikilizi mtu mwingine. Jumapili, kama kila mwanzo wa mwezi, alisimama mezani akatusomea bajeti ya nyumba, na humo chumba changu cha vitabu kimetafutiwa mpangaji. Watoto wakainua vijiko kuunga mkono. Nilipopinga, kitinda mimba wetu akaniambia, "Baba, kura zimeshahesabiwa."

Malalamiko yangu ni haya:

1. Neno bajeti limetufikia kupitia Waingereza, nao walilipata kwa Wafaransa wa kale, ambao "bougette" yao ilikuwa mfuko mdogo wa ngozi. Mfuko, shemeji. Una mdomo, na mdomo hufungwa. Mdogo wako ameubandika kwenye mlango wa jokofu, ambako hata fundi bomba ameusoma akanipa pole.

2. Waziri wa Kiingereza alipopeleka hesabu za taifa bungeni, ilisemwa anafungua mfuko wake. Mara moja kwa mwaka. Dola nzima iliweza kungoja; sisi watu watano tunafunguliwa kila mwezi, tena chai haijapoa.

3. Wafaransa wenyewe waliusahau mfuko, kisha wakaliazima neno lao kutoka kwa Waingereza, ngozi haipo, zimebaki hesabu. Kwa hiyo hakuna duniani mwenye hati ya kuimiliki bajeti. Kilichosomwa mezani kwetu hakipo, na kisichokuwapo hakiwezi kuleta mpangaji.

4. Hata kama kipo, kazi ya mfuko ni kubeba, si kufukuza. Naomba uamue: bajeti ifutwe, chumba kibaki, na mdogo wako akitaka kuendelea kupanga, aombe kibali kwa Wafaransa, kwa maandishi.

Nisalimie mzee wa nyumba, watoto, na mama mkwe, ila yeye usimwonyeshe barua hii.

Ndimi shemeji yako, mwenye haki na asiye na chumba.

Tanbihi: Mdogo wako ameisoma barua hii, maana ndiye husahihisha maandishi yangu yote. Hakufuta hoja hata moja. Alisema tu, "Sawa, baba watoto, mwezi huu panga wewe," akaenda kujilaza. Nikashika kalamu. Kabla hajageukia ubavu wa pili, chumba cha vitabu nilikuwa nimekipangisha mwenyewe, na sasa natafuta mpangaji wa sebule. Tafadhali mpigie simu umwamshe.