Ganda Lisilo na Mlango

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Nimelipata! Saa nne na dakika kumi asubuhi, kwenye kioo cha hadubini namba kumi na saba, katika unga wa mwamba uliotolewa mita mia nane chini ya ardhi. Ganda moja tu. Urefu wake mikromita sabini na mbili. Punje ya mchanga ni jitu mbele yake.

Naandika maelezo kwa utaratibu, kama ipasavyo. Pembe moja juu. Pembe mbili chini, ya kushoto ndefu kuliko ya kulia. Mkanda kiunoni. Miiba mifupi mwili mzima, kila mmoja umepasuka nchani. Ukuta una tabaka mbili: la nje jembamba kama ngozi ya kitunguu, la ndani nene, limekaa kama yai ndani ya mfuko. Ndani ya yai, kivuli cha kahawia.

Viumbe hawa waliishi baharini. Maisha yalipokuwa magumu, kiumbe alijijengea ganda, akazama, akalala. Siku ya kuamka alisukuma kibamba kimoja cha mgongoni, kikafunguka kama kifuniko, akatoka zake. Ndiyo maana maganda yote ya jamaa hii yana mlango wa pande tano chini ya pembe ya juu. Yote! Langu halina. Nimelipekua mgongo na tumbo. Hakuna hata ufa.

Spishi mpya, basi. Kikao cha idara ni Ijumaa saa nne. Wakiikubali, itaingia katika orodha. Nami nastaafu mwisho wa mwezi huu. Kwa miaka thelathini na minne katika chumba hiki nimetangaza spishi moja tu, na baada ya kuchapishwa ilithibitika kuwa ni povu la hewa ndani ya gundi. Tangu hapo naitwa Mzee Povu. Si mbele yangu. Huniita hivyo nyuma ya mlango, na mlango wenyewe ni wa mbao nyembamba.

Adabu ya kazi inamkataza mtu kuipa spishi jina lake mwenyewe. Kwa hiyo nitaipa jina la marehemu babu yangu. Ni sadfa tu kwamba nami niliitwa jina hilohilo.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Mke wangu hakupendezwa. Alikuwa akijaza mtungi wa maji jikoni, wala hakugeuka. Alisema kitu kilichofungiwa ndani hakipewi jina la marehemu. Nikiliita jina hilo, ataitika nani? Nilimweleza kwamba hii ni sayansi. Akasema sawa, baba watoto, endelea na sayansi yako, ila usije ukaileta humu ndani.

Ofisini aliingia Bi Hadubini, bila kubisha hodi. Alikuwa mwanafunzi wangu. Sasa ana spishi kumi na moja na meza ya dirishani. Aliniamkia shikamoo kwa heshima zote, kisha akainamia hadubini yangu kana kwamba aliinunua yeye. Akasema mlango upo, Mwalimu, ila haujafunguliwa. Kifuniko kimekaa mahali pake. Nikamwambia hauonekani kwa sababu haupo. Akacheka.

“Haya, Mwalimu. Kama hakuna mlango, mwenyewe si bado yumo ndani?”

Swali la kipuuzi! Baada ya miaka milioni sitini! Hata hivyo nilijikuta nikizima taa ya hadubini polepole, kama mtu anayetoka chumbani kwa mgonjwa.

Huyu hatakosa kuja kuchungulia nisipokuwepo. Nimepata dawa yake. Kila ganda kwenye kioo lina anwani, namba mbili zinazosomwa kwenye ubao wa hadubini. Anwani ya kweli ni 41 na 107. Kwenye lebo nimeandika 22 na 95, kona isiyo na kitu ila jeli inayoyashika maganda kati ya kioo cha chini na cha juu. Na atumbue macho mpaka yamtoke!

Jumatano, tarehe 6 Machi

41 na 107: hakuna kitu. Pamebaki alama katika jeli, kama godoro la mtu aliyeondoka kitandani. Nimetafuta saa nzima. Mwishowe, kwa kukata tamaa, nikaenda 22 na 95.

Lipo. Katikati kabisa ya duara. Limehamia kwenye uongo wangu.

Nilimwita Fundi, anayetupachikia vioo tangu enzi za mkuu aliyepita. Akasema jeli ikipata joto hutembea, mzee mwenzangu, hilo lisikutoe roho. Nikamwonyesha lebo ya jana. Akauliza ni nani aliyelisomea anwani. Akacheka. Halafu akaacha kucheka, akakumbuka kwamba ana mawe yake kwenye asidi.

Jambo la pili. Chini ya pembe ya juu kuna mstari. Ni mwembamba kuliko unywele, na una pande tano. Nimefuta lenzi mara nne. Mstari haufutiki. Sikuuchora. Mchoro wangu ni wa Jumatatu, una saini yangu na ya Fundi kama shahidi, na Jumatatu mstari haukuwepo. Mimi si mtu wa kughushi.

Adhuhuri nilikwenda nyumbani nikachukua rangi ya kucha ya mke wangu, ile nyekundu. Nimeziba nayo kingo zote nne za kioo. Sasa lihame tuone! Nilisahau kuomba ruhusa.

Chumba kinanuka bahari. Bahari iko mwendo wa siku mbili kutoka hapa.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Kifuniko kimefunguka! Robo tu, kama mlango wa mtu anayetaka kujua kwanza ni nani aliyebisha. Kile kivuli cha kahawia kimesogea karibu na uwazi.

Nilibonyeza kioo kwa kifutio cha penseli, taratibu sana. Kifuniko kikarudi. Ushindi! Nikageukia karatasi ili niuandike. Nyuma yangu pakasikika mlio kama wa ukucha juu ya kioo, mara moja tu. Nilipoinama tena, kilikuwa wazi nusu nzima.

Nikaona nililinganishe na ndugu zake. Nikatoa vioo kumi na viwili vya zamani. Maganda katika jeli hulala ovyo, hili huku, lile kule. Ndivyo nilivyofundisha siku zote. Leo pembe zote za juu zilielekea upande mmoja. Nikageuza kimoja juu ya meza, nikahesabu hadi mia, nikakitazama upya. Zilikuwa zimeelekea kulekule tena: kwenye kioo namba kumi na saba.

Nilikunywa nusu glasi ya maji. Katika nusu iliyobaki nikasuuza kile kifutio, kisha nikaisukuma glasi kabatini. Bi Hadubini alipita akauliza mbona natokwa na jasho na kiyoyozi kinafanya kazi. Nikamwambia ni furaha.

Mpango wa kesho ni rahisi. Nitalaza kioo kifudifudi. Mlango uko mgongoni, kwa hiyo wajumbe wataona tumbo, na tumbo halina mlango. Sijui kwa nini sikuliwaza hili mapema.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Kikao. Mkuu wa Idara aliinama kwa muda mrefu, akasema tumbo limehifadhika vizuri sana. Nikaanza kutabasamu. Bi Hadubini akaomba ruhusa, akashika kirungu cha hadubini kinachoshusha lenzi, akakizungusha kidogo tu. Macho yake yakashuka kupitia tumbo mpaka mgongoni.

Ganda ni angavu kama kioo! Nimetazama maelfu ya maganda, na jana yote sikukumbuka kwamba ni angavu.

Akasema mlango huo hapo, wazi kabisa, na kifuniko kimeanguka pembeni. Ni spishi ya zamani, ilielezwa kabla hata ya babu yake Mwalimu kuzaliwa. Mjumbe mmoja akakohoa. Kikohozi chake kilikuwa na neno “povu” ndani.

Ndipo Mkuu alipouchukua mchoro wangu wa Jumatatu. Akautazama, akalitazama ganda, akautazama tena. Akaniuliza, kwa sauti ya chini, kile cha kahawia nilichokichora ndani kiko wapi. Yai lilikuwa tupu. Nikasema labda kimeyeyuka. Akakisogeza kioo dirishani, akakikagua kwa lenzi ya mkononi. Kwenye ukingo wa rangi ya kucha palikuwa na tundu, dogo kama ncha ya sindano, lenye pande tano. Rangi ilikuwa imekunjamana kuelekea nje.

Hakucheka mtu. Mkuu akauliza kama kuna maji yoyote yaliyoachwa wazi chumbani kwangu. Nikasema hapana, kwani glasi ilikuwa kabatini, na kabati lilikuwa limefungwa. Mlangoni Bi Hadubini alinishika mkono, akaniambia Mwalimu wangu, usiguse kitu tena, nakuomba, nenda nyumbani ukapumzike.

Anakitaka kioo changu. Hilo liko wazi.

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Wameufunga mlango wangu kwa utepe wa njano. Nina ufunguo wa akiba.

Glasi! Maji yamegeuka rangi ya chai. Nikiitikisa ndani ya kabati lenye giza, yanawaka buluu, kisha yanazimika. Yu hai! Hana ganda, hana kifuniko. Nani atabishana nami juu ya mlango sasa? Spishi mpya, na safari hii inaogelea! Bado nina siku ishirini kabla ya kustaafu. Nikatamka jina la babu kwa sauti, nisikie kama linamfaa. Mwanga wote ukakusanyika upande wa glasi uliokuwa karibu nami.

Linamfaa.

Safari hii sifanyi makosa ya wiki iliyopita. Bi Hadubini hatapata hata harufu yake. Nimeificha glasi nyuma ya chupa za asidi na kuibandika lebo yenye anwani ya uongo: nyumbani kwangu, jikoni, mtungi wa maji. Hathubutu kwenda kumsumbua mke wangu.

Nimefungua kabati sasa hivi ili niitazame mara ya mwisho kabla ya kutoka. Glasi ni kavu. Ni joto la kabati, bila shaka. Kesho nitaongeza maji.

Mke wangu amepiga simu mara tatu. Atakuwa anaulizia rangi yake ya kucha.