Mausi Mfukoni, Kamati Sebuleni

Leo nimevuliwa nguo mbele ya kamati ya mfereji, na koti nilikuwa nimelivaa mpaka kifungo cha juu.

Mlio mbali niwaeleze. Mimi ni katibu wa mfereji wetu hapa Kikwe. Naandika zamu za maji: nani afungulie shamba lake, siku gani, saa ngapi. Macho yangu yamekwisha (presha ya macho, niliidharau mwenyewe, msimlaumu daktari). Mwaka jana nikajifunza kompyuta inayosema. Programu inasoma kwa sauti kilichoandikwa kwenye kioo, mimi naongoza kwa vitufe. Leo kamati ilikuja nyumbani kuamua jambo moja tu: kipofu aendelee kuwa katibu, au apumzishwe?

Aliyeleta hoja hiyo ni jirani yangu Eliaringa. Tutarudi kwake. (Natamani tusirudi.)

Asubuhi nikaondoa mausi mezani. Mshale siuoni, mausi ya nini? Nilitaka wakute vitufe vitupu, wajue mzee huyu ni fundi. Ukungu wa Meru ulikuwa umeshuka na baridi yake, nikavaa koti, nikaketi.

Kompyuta ikaingiwa na wazimu!

Nabonyeza nifungue daftari la zamu, inasema, "Saa." Nakohoa, inasema, "Pipa la taka." Nainama kutafuta fimbo, inasema, "Betri." Nikaizima, nikaiwasha. Vilevile.

"Mama Anael! Umeifuta vumbi hii mashine?"

"Sijaigusa."

"Mbona inaropoka?"

"Umekaa nayo mwaka mzima, Baba Anael. Imejifunza kwako."

Nikavua koti, nikalitundika kwenye kiti, nikaenda kunawa. Niliporudi, mashine imetulia. Nikafungua daftari, ikasoma bila kukwama. Nimeiponya! (Nilijipongeza kwa sauti.) Nikalifunga daftari ili nilifungue mbele yao, nikavaa koti langu kupokea wageni.

Kamati ikaingia, Eliaringa akiwemo, ikanywa chai. Mwenyekiti wetu, mama mwenye sauti ya kurudisha ng'ombe waliotoroka, akasema, "Haya, Katibu, tusomee zamu za Jumanne."

Nikavuta pumzi. Kompyuta ikasema, kwa sauti niliyoipandisha mwenyewe ili wote wasikie:

"Barua ya msamaha kwa Eliaringa, moja."

Nikashtuka, nikageuka.

"Barua ya msamaha kwa Eliaringa, mbili."

Hapa lazima niseme ukweli. Miaka miwili iliyopita, macho yalipoanza kufifia, nilisoma daftari vibaya nikampa mtu mwingine zamu ya Eliaringa. Maharage yake yakakauka. Kwenye kikao nikasema alichelewa mwenyewe. Nilijua ni uongo. Tangu nijue kompyuta nimekuwa nikimwandikia barua, nashindwa kuipeleka, naandika nyingine. Zote nilizihifadhi pale pale mwanzo wa kioo, zimejipanga kama vifaranga.

Sasa nikihema, inasoma. "Tatu." Nikijipangusa jasho, "Nne."

"Katibu, zima hicho kitu!" akasema Mwenyekiti.

"Kiache," akasema Eliaringa taratibu. "Naona kinaniita mimi."

"Tano," ikamalizia kompyuta.

Nikampigia simu Mwalimu Happy aliyenifundisha, sauti nje, wote wanasikia.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Mashine inasoma vitu sijaiagiza!"

"Inasoma pale mshale unapopita. Mausi iko wapi?"

"Nimeiondoa tangu asubuhi."

"Umeiweka wapi?"

"Mfukoni. Mfuko wa ndani wa koti."

"Ina waya, Baba?"

"Haina."

"Uliizima?"

Aliyeanza kucheka ni mke wangu. Kisha kamati nzima, mpaka vikombe vikalia. Siku nzima nilikuwa nasukuma mshale kwa kifua changu mwenyewe! Nikaitoa ile mausi, nikapapasa tumbo lake, nikaizima. Kompyuta ikanyamaza kama mtoto aliyepewa ziwa.

Basi, wenzangu, nikaanza kazi. Vidole vikakimbia. Jumanne nikaisoma yote. Jumatano pia. Mwenyekiti akanitega: "Alhamisi saa nane mchana ni ya nani?"

"Yako, Mwenyekiti. Ila wiki iliyopita ulibadilishana na Mama Upendo, kwa hiyo subiri Ijumaa."

Akapiga makofi. Mkono wake ni mzito, nilisikia.

"Kabla ya kura," akasema Eliaringa, "katika zile barua tano, ipi ni nzuri?"

"Zote mbovu."

"Basi niambie mwenyewe, bila mashine."

Nikasimama. "Hukuchelewa, Eliaringa. Nilikosea mimi, halafu nikakusingizia mbele ya watu. Nisamehe."

Nikasikia Eliaringa anaweka kikombe chini.

"Nilidhani kinachomshinda katibu ni macho," akasema. "Kumbe kilikuwa mdomo, na leo umefunguka. Naondoa hoja yangu. Mama Anael, chai bado ipo?"

Mikono ikanyooshwa kwamba niendelee. Sikuiona, ila mke wangu aliniminya bega, nikajua imenyooshwa yote.

Mausi iko kabatini, imezimwa, na betri nimeitoa. Nanyi wa Kikwe mnaosoma hapa, chekeni kwa kiasi: zamu za maji bado naandika mimi.