Likizo ya Kukimbia Aprili

Jumanne, 1 Aprili
Sikulala. Nimemaliza kujumlisha daftari la waliojifungua hapa zahanati, miaka sita. Mimi karani tu, lakini macho ninayo. Kila mwaka Aprili huzaliwa watoto karibu mara mbili ya Oktoba. Sababu haihitaji shahada. Julai mtama umeingia ndani, watu wameshiba, baridi ya Dodoma inauma, blanketi ni moja. Hesabu miezi tisa.

Aprili iliyopita Sista Gladness, mkunga wetu, alielemewa, akaniita nimshikie tochi. Nikazimia. Nikaangukia mizani ya watoto! Bartolomayo wa dirisha la dawa hunisalimia hadi leo, "Vipi mkunga, umeamka?"

Safari hii hawanipati.

Alhamisi, 3 Aprili
Balaa. Likizo ya Aprili keshaiandikisha Bartolomayo! Nikamnunulia chai. Nikamsifia Julai, zamu yangu ya likizo: harusi kila Jumamosi, mbuzi, pilau. Nikamkumbusha sahani tatu alizokula Julai iliyopita, harusini kwa binti yangu Anjelina. Akameza mate. Tumebadilishana. Akauliza mbona natokwa jasho. Chai ya moto, nikasema.

Jumanne, 8 Aprili
Mama Zaitun, mganga mfawidhi, kasaini. Akauliza naenda wapi. Nikasema sitoki Nzuguni, napumzika nyumbani. Akacheka, akasema vizuri, mke wangu atahitaji mtu. Wa nini? Sikuuliza. Nikachukua fomu, nikatoka kabla hajabadili nia.

Jumamosi, 12 Aprili
Barazani, miguu juu ya stuli. Nasikia Sista kazalisha watano tangu juzi. Nimecheka peke yangu.

Saa kumi bajaji ikasimama mlangoni. Anjelina, kutoka kwa mumewe Kondoa! Na beseni, na kanga, na tumbo. Mke wangu Penina ananishangaa mimi: tangu lini mimba ya kwanza ikatangazwa kwa baba, na mtoto wa kwanza akazaliwa pengine ila kwa bibi yake?

Nimehesabu wanawake wa kata nzima. Harusi niliyoipanga mwenyewe, Julai 20, sikuihesabu.

Jumapili, 13 Aprili
Mvua tangu alfajiri. Korongo limejaa, bajaji zimegoma. Uchungu saa tatu asubuhi. Nimempigia Sista mara kumi na moja. Mwanangu akaita, "Baba!" Nikabaki nyuma ya mlango, nikapiga mara ya kumi na mbili.

Sista akafika kwa miguu, matope hadi magotini, Bartolomayo nyuma kabeba mkoba. "Baba Anjelina, shika beseni hili."

Nikalishika.

Naandika nikiwa na nundu kisogoni. Mtoto wa kiume, kilo tatu na nusu, mama mzima, Mungu ashukuriwe. Beseni limepasuka. Bartolomayo alikuwa akinipepea kwa kanga. "Hongera, babu. Umeamka?"

Jumatano, 16 Aprili
Wamekuja washenga wa Debora, binti yangu wa pili. Wanataka harusi Oktoba. Nimekataa katakata! Oktoba jua kali, ghala tupu, wageni wale nini? Nimewapa Julai, tukishavuna. Wamekubali, tena wamenishukuru.

Walipoondoka nikamwandikia Mama Zaitun barua, niwahi kabla ya Bartolomayo. Mwakani, likizo, Aprili yote. Nitaimalizia hapa hapa nyumbani, kwa utulivu.